Miguu Iliruka, Mkono Ukabaki

Mimi ni mfupi, na voliboli haina huruma na wafupi. Mwaka wangu wa pili chuoni Kasapa, kocha wa timu ya chuo alichora alama ya chaki juu ukutani, akaniambia: "Jumamosi ukigusa pale, nafasi iko yako. Ukikosa, njo mwisho." Akanipa zoezi: kushuka kutoka juu ya kreti ya bia, kugusa chini kidogo tu, na papo hapo kuruka kwa nguvu zote. Mara tano. Kisha kukaa chini dakika tatu, kwa maana miguu iliyochoka haijifunzi kuruka.

Mama, nyumbani Naviundu, hakuona ubaya wa kuruka. Kukaa ndiko kulikompandisha hasira. Katika ua wake hakuna anayeketi kabla bukari, ugali wetu, haijaiva.

"Weye, unaruka mara tano, kisha unaikala sawa prezida?"

"Mama, njo mazoezi."

"Mazoezi ya kuikala! Ah non! Twanga sombe."

Basi nikatwanga hayo majani ya muhogo. Nikaruka, nikatwanga, nikaruka, nikatwanga; tukala sombe wiki nzima hadi majirani wakauliza kama tuna harusi. Ijumaa kocha aliagiza nisiruke kabisa, nipumzike. Mama kusikia nina siku nzima tupu, akaalika akina mama wote wa kanisa. Nikawatwangia sombe yao, nimenuna, machozi ya hasira yakinitoka.

Jumamosi nikaruka. Jamani, niliruka! Kwa kimo kile mkono ungeipita chaki kwa shubiri nzima. Ila mkono uligoma kunyanyuka. Ulining'inia kama nguo mbichi kwenye kamba. Nikarudia, vilevile. Kocha alibaki mdomo wazi: mchezaji anawashinda wote kuruka, na hagusi kitu.

Mama, aliyekuja kutazama, akaingia uwanjani na viatu vyake vya kanisa. "Kocha, ule mukono, ni miye nilimuchokesha. Umupe siku mbili. Sombe nitatwanga miye."

Jumatatu niligusa kwa kiganja kizima, nikaingia timu. Lakini Jumapili ndiyo sijaisahau. Kutwa nilikaa kwenye kiti katikati ya ua, mama akitwanga, jasho likimtiririka, hataki hata kunitazama. Shangazi akaja kutusalimia. Akanikagua toka kichwani hadi miguuni, akafungua mdomo.

"Umuache," mama akamwambia, mchi ukiendelea. "Iko mu kazi."