Kondoo Kachinjwa, Lori Halijakaguliwa

Saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, Usta Bayumi Shalabi, "usta" kwa heshima ya ufundi wake, anaingia kwenye yadi ya malori nje kidogo ya Tanta, Misri. Mkono wa kulia ana mfuko wa nailoni wenye tochi na spana. Wa kushoto ana kipande cha kadibodi kipana kama mlango wa choo. Kabla hajamsalimu mtu, anasimama ghafla.

Mbele yake kuna lori jeupe, jipya, viti bado vimo kwenye plastiki. Mlangoni mwa dereva kuna viganja vitano vya damu, vilivyopigwa chapa kukinga kijicho. Usoni, chini ya kioo, vipo vinne. Pembeni, karibu na ukuta, kondoo ameshaning'inizwa na anachunwa.

"Nani amechinja?" anauliza.

"Sisi," anajibu Hajjat Inshirah, mjane wa miaka sitini na nne, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki kama hakimu. "Tumefika saa moja na nusu. Tumewahi ili jicho la watu lisituwahi."

"Tulipatana saa tatu, Hajjat."

"Saa tatu ya kukagua. Ya kuchinja hatukupatana na wewe."

Usta Bayumi anafumba macho, anavuta "la haula" ndefu ya mtu aliyekwisha kuivuta mara nyingi wiki hii, kisha anatandika kadibodi yake chini.

Hiyo ndiyo ofisi yake. Ana miaka hamsini na tisa, na thelathini na moja kati ya hiyo ameendesha malori barabarani. Siku hizi haendeshi. Watu wakinunua lori jipya humwita alikague kabla halijatoka getini, maana mnunuzi akishasaini kuwa amelipokea salama, halina mjadala tena.

"Lori likiwa ndani ya geti, kasoro ni ya muuzaji," anasema akivaa ovaroli lake la buluu lililofifia mpaka halijulikani rangi. "Likitoka, kasoro ni majaliwa yako."

Kwa lori moja hulipwa pauni mia sita. Mwaka juzi alikuwa akikagua manane au tisa kwa mwezi. Sasa bei zimepaa, na akipata manne anasema alhamdulillahi. Ada ya lori moja huishia kwenye dawa za mgongo, mgongo huohuo anaoulalia chini ya malori. Ukimuuliza hesabu hiyo ina akili gani, atakuuliza wewe una akili gani.

Kinachomchosha si mgongo, anasema, ni wateja.

"Mtu akija kumposa binti yao, watamchunguza mpaka babu yake wa saba. Lori la milioni moja na laki tatu wanalikagua kwa vigelegele! Ukiinama kutazama nati wanakwambia, 'Usta, usilitie nuksi.' Nuksi? Mimi? Nuksi imefungwa na nati tano, na ndiyo naitafuta!"

Lori la leo lina wenyewe saba. Ni familia ya wakulima wa viazi kutoka kijiji kimoja cha upande wa Damanhur, na wameligawana kama wanavyogawana shamba, yaani kwa hisa ishirini na nne ziitwazo kirati. Hajjat Inshirah ana kirati sita. Mwanawe Metwalli, atakayeliendesha, ana nne. Mkwewe Shahhat ana mbili. Zilizobaki zimetawanyika kati ya Damanhur na Iskandaria, na zote zina simu.

Jumamosi viazi vinaanza kung'olewa. Mfanyabiashara aliyekubali kuwapa kazi ya kuvibeba msimu mzima amesema Jumamosi asubuhi asipoliona lori, atachukua la mtu mwingine. Leo ni Jumanne. Kwa hiyo wote wana haraka, isipokuwa mzee mmoja mwenye kadibodi.

Anainua kichwa cha lori, anaweka kiganja kwenye injini. Anakiondoa upesi.

"Nani ameliwasha?"

Metwalli, kijana wa miaka thelathini aliyevaa kanzu mpya nyeupe na kunukia duka zima la manukato, anainua kidole kama mwanafunzi. "Kidogo tu, Usta. Tulikuwa tunapiga picha, tukataka na honi."

"Bwana harusi, nilikwambia nini kwenye simu?"

"Nisiliwashe."

"Kwa nini?"

"Injini baridi haisemi uongo."

"Na wewe ukaipa chai kwanza ndipo nije niihoji. Ahsante sana."

Anaendelea. Namba ya chesisi anaisoma kwa kidole, tarakimu moja moja, Shahhat akifuatisha kwenye karatasi. Sawa. Namba ya injini, sawa. Taa, maji, jeki na spana ya magurudumu vyote vipo. Mafuta anayapaka kidoleni, anayanusa, anajipangusia kwenye goti. Wanawake wa familia wanapiga vigelegele. Anawaomba waache, hawasikii. Wanapiga tena.

Kisha anafika kwenye gurudumu la mbele, kulia. Hapo anachuchumaa na hainuki.

Tairi jipya, anaeleza, huja na vinyweleo vya mpira, kama ndevu za kijana anayezianza. Matairi mengine yote ya lori hili yana vinyweleo. Hili limenyolewa. Ubavuni tarakimu za wiki na mwaka zinasema lina miaka miwili zaidi ya wenzake. Nati zake zina mikwaruzo ya spana.

"Fungueni," anasema.

Anayekuja mbio si fundi. Ni Hazem, muuzaji, kijana mwenye nywele za jeli na simu mbili. "Usta Bayumi, mzee wetu! Kuna nini tena? Lori lina kilomita kumi na moja tu."

"Lori, ndiyo, kumi na moja. Hili tairi limekwenda Hijaz likarudi. Fungua."

Gurudumu linafunguliwa. Pedi za breki zimeisha nusu. Grisi ya beringi imeshikana na mchanga. Kila anayechungulia anaelewa bila kuwa fundi: vipuri vipya vya upande huu vimeng'olewa vikapewa lori jingine, na hapa vikafungwa vikuukuu.

Hazem anajikuna shingo. Halafu anaangalia viganja vya damu, na uso wake unang'aa kama wa mtu aliyekumbuka alikoweka pesa.

"Lakini mama Hajjat, mmeshalipiga chapa. Mimi nitamuuzia nani lori lenye damu? Hili ni lenu. Saini tu, hayo madogo tutazungumza baadaye."

Mchuna kondoo anasimamisha kisu.

"Mmeona?" anasema Usta Bayumi, akigeuka kwa familia na mikono yake miwili hewani. "Mmeona kazi ya kondoo wenu?"

Shahhat anapiga simu na kuweka sauti wazi. Yadi nzima inasikiliza bunge. Kirati tatu za Damanhur zinasema msaini, Jumamosi haingoji. Kirati moja na nusu ya Iskandaria inataka lioshwe wabadilishiwe lori. Hajjat anaruka: damu haioshwi siku ileile, labda mnataka mwanangu apinduke! Kirati nyingine inauliza nyama itafika saa ngapi.

Hazem anaona mwanya. Anaonyesha lori pacha lililoegeshwa jirani, jeupe vilevile. "Sikilizeni, mimi mtu wa dini. Nitang'oa gurudumu na breki za hili hapa, niwafungie ninyi. Nusu saa mko njiani."

"Allah akubariki!" anasema Metwalli.

"Asibarikiwe mtu!" Usta Bayumi anapiga kadibodi yake teke. "Na mwenye hili pacha je?"

"Usta, hiyo si shida yetu," anasema Metwalli.

"Ni shida yangu! Hili pacha mimi ndiye nimeitwa kulikagua Alhamisi. Nije nikute vikuukuu nilivyovihamisha mwenyewe? Nijikamate mimi mwizi na mimi polisi?"

Halafu anamgeukia Metwalli, na sauti inashuka.

"Kanzu yako nzuri. Mimi pia nilikuwa nayo."

Miaka ishirini na mbili iliyopita yeye na kaka yake Sabri walinunua lori lao, kirati kumi na mbili kwa kumi na mbili. Siku ya kulipokea, mtaa mzima ulikuwa pale. Bayumi alitaka kupiga magoti atazame nati za magurudumu, akakumbuka amevaa kanzu mpya ya pasi. Akasaini. Siku ya kumi na moja, karibu na Kafr az-Zayyat, gurudumu la mbele lilichomoka, lori likaingia mferejini pamoja na matofali yake. Yeye alitoka na mikwaruzo. Sabri alikatwa mguu chini ya goti.

"Hajanilaumu hata siku moja," anasema. "Lakini akiingia msikitini nausikia ule mguu wa bandia kabla sijasikia salamu yake."

Hajjat Inshirah anamtazama mwanawe kutoka kofia hadi viatu. Kisha ananyoosha mkono, anachukua kalamu kutoka mfukoni mwa kijana na kuitia kifuani mwake mwenyewe.

"Shahhat, kata hiyo simu. Kirati sita zinasema hatusaini."

"Mama, Jumamosi…" anaanza Metwalli.

"Na hatuondoki." Anaburuta kiti chake mpaka mbele ya lori, chini ya vile viganja, mkabala na geti. "Kijana Hazem, umesema hulitaki kwa sababu lina damu? Haya, tutakaa nalo hapahapa. Metwalli! Washa makaa. Kondoo ataliwa hapa."

Saa tano, moshi wa nyama umetanda juu ya yadi. Lori liko juu ya jeki, gurudumu moja halipo, damu imekauka usoni. Kila mnunuzi anayeingia getini anakutana nalo kwanza.

"Kulikoni hapa?" anauliza mwenye duka la vigae aliyekuja na wanawe wawili.

"Karibu nyama," anasema Hajjat. "Lori jipya hili, mwanangu. Tazama breki zake. Usione haya, inama."

Mwenye duka anainama, na wanawe wanainama. Wanakula kipande kimoja kimoja, wanashukuru, wanarudi kwenye gari lao. Anayefuata naye hali kadhalika. Wa tatu anatoka ameshika mkate na kuuliza kama Usta Bayumi ana namba ya simu.

Saa sita na robo Hazem anaongea kwenye simu zote mbili kwa pamoja. Saa tisa pikipiki inaleta maboksi yaliyofungwa kutoka ghala kuu: pedi, beringi, na tairi lenye vinyweleo vyake vyote. Usta Bayumi anakagua gundi ya kila boksi kabla halijafunguliwa. Hazem anauliza kwa uchungu kama atapimwa na yeye damu.

"Yako haitoshi hata kiganja," anasema Hajjat. "Kula nyama."

Fundi akishamaliza kufunga, Usta Bayumi haendi chini. Anampa Metwalli tochi na kumwonyesha kadibodi.

"Mimi, Usta? Na kanzu hii?"

"Na kanzu hiyo."

Metwalli anaingia chini ya lori. Inasikika sauti yake ikihesabu nati, Usta akimrudisha kwenye ya tatu mara mbili. Anapotoka, mgongo wa kanzu una grisi kuanzia kola hadi kiunoni.

"Sasa ndiyo umenunua lori," anasema Usta Bayumi. Saa kumi na dakika arobaini Hajjat anatoa kalamu kifuani. Vigelegele vinapigwa, na kwa mara ya kwanza leo mzee hakasiriki.

Anaondoka na pauni zake mia sita na mguu wa kondoo uliofungwa kwenye gazeti. Njiani kuelekea barabarani anasema yeye na Sabri wameanza kuweka tena kidogo kidogo. Lori hawataliweza kamwe, lakini kirati mbili za lori la mtu mwaminifu, moja yake na moja ya kaka yake, inshallah kabla hajafika sitini na mbili. Kulikagua atalikagua mwenyewe siku mbili, na anayetaka kupiga kigelegele akapigie kwao.

Simu inalia. Ni mteja wa Alhamisi, mwenye lile pacha. Anauliza kama wanaweza kufika mapema kidogo.

Usta Bayumi anasimama katikati ya vumbi. Anafumba macho.

"Fikeni hata alfajiri," anasema. "Kondoo mleteni, mumpe majani, mpige naye picha. Lakini kisu, tafadhali, nitakuja nacho mimi."