Rangi Iliyo Chini ya Bluu

Mimi hukereza kalamu. Nikisema hivyo hapa Mbinga watu hudhani natania, kwa kuwa kalamu dukani zimejaa. Nilianza na miti mizee ya kahawa iliyong'olewa mashambani Mbuji, migumu na yenye mistari mizuri, na watumishi wanaohamishwa mikoa mingine walipenda kuondoka na kipande cha mti wa kahawa mfukoni. Baadaye nikaingiwa na tamaa ya rezini, ile gundi nzito unayoimimina kwenye kalibu ikiwa kama uji, inaganda, inakuwa kipande kigumu kinachopitisha mwanga.

Rezini ya namna hiyo ina tabia moja ya kuudhi. Ndani ya kalamu hupita kibomba cha shaba, na ukikiacha hivi hivi kinaonekana, bluu yako nzuri inageuka rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Kwa hiyo kibomba hupakwa rangi kwanza, kikauke, ndipo kigundishwe ndani. Kipande ni kile kile, lakini ukiweka nyeupe chini, bluu inachangamka. Ukiweka bluu chini ya bluu, inakolea. Ukiweka nyeusi, inazama, unaiona kama ina kina kisicho na mwisho. Mimi nilikuwa mtu wa nyeusi. Watu wakiishika walikuwa wanaguna, nami nilipenda sana wagune.

Mwaka huu mdogo wake mke wangu, yule wa mwisho kuzaliwa, alikuwa anaolewa kwao, kijijini kando ya ziwa. Baba mkwe hayupo. Aliondoka jioni moja kwenda kuvua usipa, wale dagaa wa ziwani, mtumbwi ukapatikana umepinduka, yeye hakupatikana. Kaburi lake hatuna. Ikaamuliwa kwamba mama mkwe ndiye atakayetia sahihi kanisani kama shahidi wa familia, mahali ambapo mumewe angetia. Akamtumia ujumbe mke wangu: anaomba kalamu ya siku hiyo, ya rangi ya ziwa.

Mke wangu aliponiambia, macho yake yalikuwa yamelowa. Tangu msiba mama yake hakuwa amekanyaga ufukweni. Samaki alinunua wakiwa wamekwisha kupandishwa kijijini, na neno lenyewe, ziwa, hakulitaja. Sasa alikuwa amelitaja, tena kwa kuliomba.

Nilitakiwa niulize: ziwa la wapi? Lakini mimi na mama mkwe hatuongei hivyo. Kwa malezi yetu, mkwe wa kiume hamkabili mama mkwe. Namsalimia nikiwa nimeinama, macho chini. Tukikutana njiani nasogea pembeni apite. Nikiwa na jambo nalipitisha kwa mke wangu. Hata simu yake ya kitochi sijawahi kuipiga. Ni heshima na ninaiamini. Ila safari ile nilijificha nyuma yake. Ningeweza kumtuma mke wangu aulize, ingechukua dakika mbili. Sikumtuma, kwa sababu kuuliza kungeonyesha sijui, na mimi ndiye fundi.

Ziwa ninalolijua mimi ni la mtu wa mlimani. Kuna kona kwenye barabara ya kushuka Mbamba Bay, unatokea tu na ziwa lote limelala chini yako, bluu iliyoiva hadi inakaribia weusi. Kuogelea sijui. Nikifika huko nakaa kwenye kiti nje ya nyumba, nakula, narudi kwetu kwenye baridi. Kwa hiyo nilichanganya bluu yangu, nikapaka kibomba nyeusi, nikakereza, nikapiga msasa wa maji mpaka ikang'aa. Niliitazama dirishani nikajipongeza kwa sauti. Nasema kweli, nilijipongeza.

Tulishuka siku moja kabla ya harusi. Mke wangu akaingia jikoni kwa mama yake na kalamu ikiwa ndani ya kiboksi, mimi nikabaki uani na wanaume wa ukoo, nimenyoosha shingo nikingojea vigelegele. Havikuja. Mke wangu alitoka akanivuta pembeni.

"Mama anasema asante sana."

"Na nini tena?"

"Ameniuliza, kwani baba huyu, yaani wewe, amenichotea maji ya kilindini?"

Sikuelewa. Akanieleza kwa sauti ya chini. Mama alitaka maji ya pale bandarini, pale alipokuwa akisimama na beseni asubuhi kumpokea mumewe. Maji ya magotini, yenye mchanga chini, unaona vidole vyako vya miguu na vifaranga vya samaki vikipita katikati. Hilo ndilo ziwa lake. Huko kwingine, kwenye weusi, ni mahali ambapo wanaume huenda usiku.

"Mbona hukuniambia?" nikamfokea.

"Mama ana ziwa gani lingine?" akasema. "Mimi nilijua unajua."

Nilimgombeza mke wangu siku ya furaha yao, nyuma ya nyumba ya mama yake, kwa kosa ambalo lilikuwa langu kuanzia kibomba hadi kifuniko. Alirudi jikoni.

Muda wa kutengeneza nyingine haukuwepo. Nikajipa moyo kwamba atatumia kalamu yoyote ya padri, nami nitapona. Nilisahau kwamba heshima inabana pande zote mbili. Kama mimi siwezi kumuuliza, yeye naye hawezi kuikataa kalamu ya mkwe wake mbele ya watu.

Siku ya harusi padri alipomwita mezani, mama alifungua pindo la kitenge chake akaitoa. Alikuwa ameizungushia kitambaa cheupe kuanzia juu hadi chini, akakifunga kwa uzi, ikabaki ncha tu.

"Leo hata kalamu imevaa kilemba," padri akatania, na kanisa zima likacheka.

Mama naye alitabasamu. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa woga. Waliokuwa karibu waliona mwanamke anayetunza zawadi ya mkwe isichafuke kwa jasho. Mimi niliona mwanamke anayeandika jina lake mahali pa mumewe, huku akijitahidi asiyaone maji yaliyomchukua. Nilitamani sakafu ifunguke. Pilau ile sikuila.

Tulirudi Mbinga na sikupata raha. Nikimimina rezini nakumbuka kile kitambaa. Nikatoboa kipande kingine cha bluu ile ile na kupaka vibomba kadhaa, kila kimoja rangi yake, bila kugundisha hata kimoja. Gundi ikishika hakuna kurudi nyuma. Safari hii nilitaka achague mwenyewe, na nilitaka pia, niseme wazi, kuichukua ile ya kwanza. Nilikuwa nimepanga kuivunja kwa nyundo. Niliona kwamba ikiwa haipo nyumbani mwake, nami nitaanza kulala.

Tulipofika tena kwa mama mkwe nilipiga magoti mlangoni. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Karibuni."

Mke wangu akavipanga vibomba na kile kipande cha bluu kwenye mkeka katikati yetu, kisha akaitwa nje na jirani, akaenda. Tukabaki wawili, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nikasema nikiutazama mkeka, "Mama, naomba unisamehe. Nilitakiwa kuuliza. Ipi ndiyo ya pale bandarini?"

Uso alikuwa ameugeuzia ukutani kama inavyopasa. Kisha mkono wake ukaja. Akakiingiza kibomba cheupe kwenye kipande, akakielekeza kwenye mwanga, akakitoa. "Hii ni karatasi," akasema. Akajaribu cha bluu, akakiweka chini bila neno. Akachukua kile nilichokipaka rangi ya maziwa yenye chai kidogo, ambacho karibu nikiache nyumbani. Akakiingiza, akakigeuza polepole mbele ya dirisha, na nikasikia pumzi yake ikitoka.

"Hapa," akasema. "Hapa naona miguu yangu."

Nilifurahi kama mtoto. Nikakusanya vile vingine haraka, nikasema, "Basi ile ya kwanza nitaichukua, Mama. Haikufaa."

"Hapana, baba. Iache."

"Lakini Mama, ile ni..."

"Najua ni wapi. Ndiko aliko."

Akainuka, akaitoa ile kalamu kwenye kikombe kilichokuwa dirishani. Kitambaa kilikuwa bado kimefungwa. Akaukata uzi kwa meno, akakifungua kitambaa mzunguko kwa mzunguko mpaka kikaisha, akaishika wazi kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu. Alikuwa akilia na hakujificha, ingawa mimi nilikuwepo. Kisha akairudisha kikombeni bila kitambaa, nami nikabaki nimepiga magoti na vibomba vyangu mkononi.