Ukelele wa Mzee Pipa

Mzee Pipa alikuwa mpiga pasi, na jina hilo hakulipata kwa sababu ya tumbo. Lilitokana na pipa la maji lililokaa nyuma ya chumba chake. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha pasi yake ya mkaa, alipanda kigoda, akajitumbukiza mpaka shingoni, akapiga ukelele: "Huuuwii!" Mkewe, enzi za uhai wake, alikuwa akimuuliza kutoka chumbani, "Umekufa?" Naye akajibu, "Bado!" Basi, siku ikaanza.

Mke akatangulia mbele ya haki. Ukelele ukabaki, wa kuuliza akakosekana.

Sasa mzee mwenyewe akaugua. Homa, kifua kinabana, magoti yanagongana. Binti yake akapiga simu kutoka mbali.

"Baba, usiniambie bado unaingia kwenye lile pipa."

"Homa ni moto, mwanangu. Moto dawa yake maji."

"Si wanasema dawa ya moto ni moto?"

"Aliyesema hivyo hajawahi kushika pasi."

Binti hakucheka. "Mwili una homa, halafu unauongezea baridi? Utazirai humo ndani, baba. Nani atakutoa?"

Hilo la nani atakutoa ndilo lililomchoma. Alifikiri, akafikiri, asimpate mtu. Wala si baridi aliyoiogopa, jamani. Aliogopa kukaa mle majini mpaka mteja aje kudai shati lake.

Kesho yake hakuoga. Alibaki kitandani na, mtu mzima ovyo, akatega sikio. Alitaka kujua kama yupo hata mmoja atakayegundua kwamba leo huko nyuma kumenyamaza. Kukapambazuka, kimya. Jua likaingia dirishani, kimya vilevile. Hakuja mtu. Akageukia upande aliokuwa akilala mkewe, akalia kwa sauti. Ajizuie ili iweje? Amfiche nani?

Mara mlango ukagongwa kwa hasira. Alikuwa jirani wa chumba cha pili, mama mwenye watoto watatu, ambaye miaka yote yeye na mzee hawakuzidisha salamu.

"Mzee, leo umetuponza! Watoto wamechelewa shule, na mimi huko kazini sijui nitasema nini. Kwani leo hukuoga?"

Mzee Pipa akamkodolea macho. "Kumbe mnanisikia?"

"Tunakusikia? Mzee wangu, sisi tunaamshwa na wewe!" Kisha akamtazama vizuri, akamgusa shingo. "Mungu wangu! Unaungua!"

Kazi akaisahau. Alimchemshia chai, akamfunika blanketi, huku anamfokea kama mtoto wake wa nne. Akiwa anatoka, akageuka mlangoni.

"Kesho ole wako uguse hilo pipa. Kelele piga, lakini pigia hapohapo kitandani."

Alfajiri, chini ya blanketi, mzee akavuta pumzi iliyomuuma kifua kizima. "Huuuwii!" Sauti ikatoka nyembamba, ya kifaranga. Akaona haya.

Ukuta ukagongwa upande wa pili. Sauti ya yule mama, nzito kwa usingizi, ikauliza, "Mzee, umekufa?"

Machozi yalitangulia jibu. Akayafuta kwa ncha ya blanketi, akajikaza, akasema kwa nguvu zote alizobakiza:

"Bado!"