Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumamosi moja huko India, nimeinama bafuni katika hosteli ya chuo, nasugua ndani ya kibuyu cha maziwa kwa sabuni ya unga. Kibuyu hakikuwa changu. Mwenyewe alikuwa arusini, na mimi sikualikwa.

Wewe umezaliwa Eldoret, kwa hiyo sihitaji kukueleza sana. Kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin, hakijui sabuni. Hupitishwa maji, husuguliwa kwa kijiti, huanikwa juani, kisha hupakwa ndani mkaa wa mti wa senetwet ndipo maziwa yatiwe. Sabuni ikishaingia haitoki tena. Nililijua hilo vizuri, na ndiyo sababu nilitia vijiko viwili badala ya kimoja.

Nakwambia haya kwa sababu juzi ulinipigia simu kutoka huko Ujerumani unakosoma, na kwa nusu saa nzima hukusema neno juu ya masomo. Ulikuwa na habari moja tu, ya huyo Faith unayeishi naye. Faith ameshajua lugha, Faith ana marafiki, Faith anaweka picha kwenye simu yake kila siku akiwa na watu wanaocheka. Nilikusikiliza tu. Sauti ile niliitambua, maana iliwahi kuwa yangu.

Mwenzangu aliitwa Chebet. Tulisafiri pamoja, mimi kutoka mtaa wa Pioneer hapa Eldoret, ambako baba alitulea baada ya kutoka kwetu upande wa Ziwa kuja kutafuta kazi ya kiwanda, na yeye kutoka kijiji cha Plateau, nje ya mji, alikolelewa na nyanya yake. Tulipewa chumba kimoja. Mwezi wa kwanza tulilia pamoja, na huo ndio mwezi tuliopendana. Wa pili Chebet alinyamaza kulia, mimi nikaendelea, na hapo ndipo shetani alipopata kiti.

Chebet alikuwa amebeba kibuyu cha nyanya yake kutoka nyumbani, amekifunga ndani ya sweta, pamoja na vijiti vya senetwet. Muuza maziwa alipokuja na baiskeli yake asubuhi, Chebet alinunua maziwa ya nyati wa kufugwa wa kule, akayachemsha, akayapoza, akayatia kibuyuni. Mimi nilimcheka. Nikamwambia ng'ombe wa Plateau wakisikia habari ya nyati watagoma. Baada ya siku chache alikifungua, akamwonjesha jirani yetu wa chumba cha pili. Watu wa kule mtindi ni chakula chao cha kila siku, lakini mtindi wenye mkaa hawakuwahi kuuona. Yule jirani akamwita dada yake, dada akawaita wenzake. Baada ya majuma machache chumba chetu kikawa kama nyumba ya mtu aliyepata mtoto, wageni wanaingia na kutoka, na kila mmoja akiingia alisema, "Chebet yuko?"

Hakuna aliyeuliza kama mimi niko. Nilikuwa nimekaa pale pale.

Niliona wivu, mwanangu, na sitakutafutia neno zuri zaidi. Niliuonea wivu mpaka usingizi wake, kwa sababu alilala upesi. Chanda chema huvikwa pete, wahenga walisema, nami nikawa nakitazama changu nikijiuliza kina ukoma gani. Kitu kimoja tu ndicho nilichomzidi. Baba yangu aliniandikia kila wiki. Barua ikifika nilipanda kitandani, nikageukia ukuta, nikaisoma peke yangu polepole, nikaificha chini ya mto. Niliona raha kwamba yeye hapati. Nyanya yake hakujua kuandika.

Basi dada wa msichana mmoja wa darasa letu akawa anaolewa, Chebet akaalikwa siku tatu nzima. Aliondoka amevaa nguo ya kuazimwa, ya hariri, akageuka mlangoni akaniuliza kama amependeza. Nikamwambia ndiyo. Hata hatua zake hazijaisha kwenye ngazi, nikakichukua kile kibuyu.

Aliporudi nilimwambia nimemwonea huruma kwa uchovu, nikamwoshea kibuyu chake. Akasema asante. Alijaribu maziwa mara ya kwanza yakaharibika, mara ya pili yakatoa povu na harufu ya nguo zilizofuliwa. Akakianika dirishani, akaacha. Mimi nikangoja wageni wakome.

Hawakukoma. Walikunywa chai. Maziwa yalipokwisha walileta yao, wakaendelea kukaa kitandani kwake wakimfundisha nyimbo zao na yeye akiwafundisha kusalimu kwa Kikalenjin, "chamgei". Nilidhani wanafuata kibuyu, kumbe wanamfuata mtu. Ubaya wangu ulipotea bure, na wivu haukupungua hata chembe.

Likizo ilipofika baba aliniita nyumbani, dada yangu anaolewa. Chebet hakuwa na njia ya kusafiri. Siku ya kuondoka alinipa kile kibuyu, akaniambia nimpelekee nyanya yake, pengine yeye atajua kinaumwa nini. Ningekataa kwa sababu gani? Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilipanda nacho ndege nimekipakata.

Nyumba ya bibi huyo ilikuwa nyuma ya hospitali ya misheni pale Plateau. Watu wote walimwita Kogo, yaani nyanya, nami nikamwita hivyo. Aliniuliza habari za mjukuu wake, anakula, anasoma, analala vizuri. Kisha akakitwaa kibuyu, akakifungua, akaweka pua.

"Nani aliosha hii na sabuni?"

Nikasema pengine ni yule mama anayefagia hosteli. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kuliko zote, maana Kogo aliniangalia tu, akainuka, akaniletea kikombe cha mursik kutoka kibuyu kingine, kimejaa hadi ukingoni. Akangoja nimeze.

"Mtu wa mbali akiosha na sabuni, nitasema hajui," akasema. "Wewe umekulia hapa. Wewe unajua. Ulikuwa unataka nini?"

Machozi yalinitoka kabla ya maneno. Nikamwambia nilitaka watu wanipende jinsi wanavyompenda Chebet.

"Na kibuyu ikishaharibika, walikupenda?"

Hakunifokea, wala hakuniuliza tena. Mpaka leo nimekemewa na walimu, na mabosi, na marehemu mume wangu ambaye hakuwa mpole, lakini sijapata kemeo lingine lililonifika hivyo.

Kile kibuyu alikiweka kando, akasema hakitarudi kwa maziwa tena, atakitumia kuwekea mbegu za maharagwe. Akatoa kipya. Alinikalisha pale mpaka nikakisugua na kukipaka mkaa kwa mikono yangu mwenyewe, nikarudi Pioneer na kucha nyeusi, mama akiniuliza nimekuwa fundi wa magari tangu lini. Wakati wa kuagana Kogo alinishika mkono. "Utampelekea hii, na utamwambia na mdomo yako. Mimi sijui kuandika barua."

Safari nzima ya kurudi nilipanga njia za kunyamaza. Ningempa kipya, ningesema cha zamani kilizeeka, nani angejua? Nilichokiogopa ni kuingia chumba kile na kukaa miaka mitatu na mtu anayenichukia. Lakini nilipomwona Chebet amekuja kunipokea kituoni, ulimi haukunitii. Nikamwambia yote pale pale, mizigo iko chini, kibuyu kiko mikononi.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nilijua, Adhiambo. Siku nimerudi kutoka arusi, chumba yote ilikuwa inanuka sabuni."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema, tungegombana. Ningebaki na nani wa kwetu?" Akakichukua kibuyu mikononi mwangu. "Wewe ukipata barua unageukia ukuta. Mimi huwa nakaa hapo nangoja, labda leo utasoma kwa sauti, nisikie tu habari ya Eldoret."

Mwanangu, nilikuwa nimemwonea wivu mtu aliyekuwa ananionea wivu. Wale wageni wote aliwakusanya kwa sababu sanduku la barua halikuwa na kitu chake. Usione vyaelea, vimeundwa, na yeye aliviunda kwa upweke. Juma lile barua ya baba ilipofika nilikaa kitandani kwake, nikaisoma kwa sauti, mpaka mahali baba alipolalamika juu ya matope ya Pioneer. Chebet alicheka akalia, na akaniomba niirudie sehemu ya matope.

Sasa nasaha yangu ni hii. Sitakwambia usione wivu, maana huwezi kuuzuia usibishe hodi. Ila mikono yako iweke mbali na kibuyu cha mwenzako. Usimseme Faith kwa watu, usimcheke anapokosea lugha, usimfiche nafasi uliyoisikia wewe kwanza. Na nikikupigia simu Jumapili, usitoke nje kwenda kuongea peke yako. Iweke hapo katikati ya chumba, unipe huyo Faith nimsalimie, nimuulize kwao ni wapi na kama mvua imenyesha. Hujui yeye huwa anapigiwa na nani.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe udongo laini huko ugenini, mizizi yako ishike. Chakula chako kipate wa kula nawe, na siku ya kurudi tukupokee hapa Eldoret na maziwa mkononi, wewe na mwenzako, mnywe kibuyu kimoja.