Kifurushi Chenye Jina la Nasreen

Nasreen Hashim hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Ofisini Changamwe, alikokuwa akitunza kompyuta za kampuni ya kutoa mizigo bandarini, wenzake walijua kuwa akikasirika husema polepole zaidi, neno moja moja, kama anayemsomesha mtoto herufi.

Asubuhi moja simu yake iliita akiwa kazini.

"Wewe ndiye Nasreen wa Dirisha?" mwanamke aliuliza bila salamu.

"Ndiye mimi. Nani mwenzangu?"

"Eddah. Karani wa zahanati hapa Mtopanga. Umetumaliza, dada. Umetumaliza kabisa."

Dirisha lilikuwa jina la programu. Kwa kutumia Dirisha, mtu huifungua hifadhidata kama anavyofungua tovuti yoyote, akaona majedwali yaliyomo, akaongeza, akafuta. Nasreen hakuitunga. Waliitunga watu wengine, mbali na Mombasa. Kazi yake ilikuwa kuifungasha kwa ajili ya toleo moja la Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, linalotunzwa na watu wa kujitolea, ili mtu akiandika amri moja tu programu ijisakinishe, kila faili likae mahali pake. Aliianza kazi hiyo baada ya kukuta kifurushi kimeharibika. Aliandika kulalamika, akajibiwa kuwa mtunzaji wake ameondoka, anayetaka na akichukue. Akakichukua.

Nyumbani Jomvu Kuu mamake aliwahi kumuuliza, "Sasa weye kazi yako ni kufunga mizigo ya watu?"

"Naam, mama. Ya watu nisiowajua."

"Na wao wakujua?"

"Jina langu limeandikwa juu ya mzigo."

Jambo moja Nasreen alilishikilia tangu mwanzo. Dirisha likishasakinishwa, limfungukie aliyeketi mbele ya kompyuta ile ile, basi. Anayetaka lifunguke kutoka nje abadilishe usanidi kwa mkono wake, akijua analolifanya. Watu wa nchi mbalimbali walimwandikia kumlaumu kwamba anawasumbua. Hakuyumba.

Kazi ilipomzidi alimwingiza Zuhair, mtoto wa ami yake Mbwana, awe mtunzaji mwenza. Zuhair alikuwa mwepesi wa kuelewa na mcheshi, na mkate wake ulikuwa kuweka kompyuta katika maduka na zahanati za Kisauni. Nasreen alimwombea haki ya kupeleka matoleo mapya, akapewa.

Mchana ule Nasreen aliomba ruhusa akaenda Mtopanga. Eddah alimpokea mlangoni, macho mekundu.

"Kuna watu wameingia kupitia hilo Dirisha lako," alisema. "Hatujui ni nani, hatujui wako nchi gani. Wamechukua kila kitu wakakimwaga mtandaoni. Sasa mtaa mzima una picha kwenye simu, nani ni mgonjwa wa nini, nani anakunywa dawa gani. Nikatafuta aliyetuletea balaa hili, nikaona jina lako. Basi njoo umwambie mwenyewe huyu."

Kwenye benchi alikuwa ameketi mwanamke wa makamo, leso ameishika kifuani kwa mikono miwili. Aliitwa Jalila, fundi wa nguo.

"Mwenye nyumba amenitolea vyombo nje," Jalila alisema bila kumtazama. "Nimekunywa dawa zangu miaka na miaka, sijamkosesha mtu usingizi. Leo wanangu wanatajiwa shuleni dawa ninazomeza."

Nasreen alitaka kusema kwamba haiwezekani, kwamba kifurushi chake hakifunguki kutoka nje. Akajizuia. Akaomba kuonyeshwa kompyuta.

Ilikuwa wazi. Mtu yeyote, popote duniani, angeweza kuufikia ukurasa wa kuingilia. Akauchomoa waya wa mtandao pale pale, kisha kwenye kompyuta yake ya mkononi akafungua kumbukumbu za mabadiliko ya kifurushi. Humo huandikwa kila aliyegusa kitu na alichokigusa. Mstari wake wa kulizuia Dirisha lisifunguke kutoka nje ulikuwa umeondolewa. Aliyeuondoa alikuwa Zuhair, na maelezo aliyoyaandika yalikuwa maneno mawili: usafi mdogo.

Alirudisha mstari, akalipeleka toleo jipya kutoka kwenye meza ya Eddah, ndipo akaondoka kwenda kumtafuta Zuhair.

Alimkuta dukani kwake Kisauni, anakunywa kahawa.

"Karibu, binti ami! Mbona uso—"

"Kwa nini ulilifungua Dirisha?"

Zuhair alielewa mara moja. Akaweka kikombe chini. "Wateja wanataka kutumia simu zao, Nasreen. Kila nikiweka mashine napigiwa, halifunguki, halifunguki. Nimeshakwenda na kurudi kwa mstari mmoja hadi nimechoka. Nikaona niubadilishe huko huko kwenye kifurushi."

"Huko huko. Kwa dunia nzima."

"Si kuna nywila?"

"Ya zahanati uliwawekea ipi?"

Zuhair alikuna shingo. "Jina la zahanati. Lakini niliwaambia waibadilishe, wallahi niliwaambia. Ni bahati mbaya tu."

"Bahati mbaya," Nasreen alirudia. "Uliondoa kinga ya watu, ukaandika umefanya usafi. Ukaniacha mimi nitukanwe mlangoni mwa watu kwa jina langu. Kuna mwanamke analala kwa jirani leo kwa sababu umechoka kwenda na kurudi."

"Teremsha sauti, kuna wateja."

Sauti yake haikuwa imepanda. Alichukua mkoba wake akatoka.

Baada ya Alasiri, siku ya pili, ami Mbwana alikuja Jomvu Kuu. Nasreen alimwamkia, "Shikamoo ami," akaitikiwa marahaba, akaketi karibu na mamake.

"Nimeambiwa umeshatengeneza," ami alianza kwa upole. "Mungu akubariki. Basi yaishe hapo. Nasikia mwataka kuandika tangazo. Jina la Zuhair usilitie. Ana mke, ana kazi yake. Mambo ya nyumbani tuyamalize nyumbani."

"Ami, si ya nyumbani. Kuna watu nchi nyingine wamesakinisha kifurushi hicho hicho na hawajui kama wako wazi. Wanataka kujua nini kimebadilishwa, lini, na nani."

"Waambie kulikuwa na kosa. Kosa si lazima liwe na mwenyewe."

"Majina ya wagonjwa wa Mtopanga yanapita kwenye simu za watu, ami. Hayo hakuna aliyekuja kuniomba niyafiche."

"Nasreen!" mamake alimkata. "Mheshimu amiyo."

"Namheshimu, mama. Ndiyo maana namwambia yeye kabla sijaandika."

Aliandika jioni ile ile. Hakutukana wala hakupamba. Alisema mstari uliondolewa na Zuhair bila kujadiliwa, akaeleza madhara yaliyotokea bila kutaja zahanati, akafundisha namna ya kukagua na kufunga. Majibu yakaanza kuingia: hospitali, shule, vyama vya wakulima, wengi wao walikuwa wazi na hawakujua. Zuhair alinyang'anywa haki ya kupeleka matoleo. Baadhi ya wateja wake walimwacha.

Familia ilimlipa Nasreen kwa njia yake. Harusi ya dadake Zuhair ilipita bila yeye kuitwa, na mamake akakataa kwenda peke yake. Baadaye Zuhair alimtumia ujumbe kuomba arudishwe, akisema watu wameshasahau. Nasreen alimjibu kwa neno moja: La.

Jalila alihamia Shika Adabu, ng'ambo ya feri, ambako hakuna aliyemjua. Nasreen alikwenda kumtazama akiwa na unga na mafuta. Jalila alimkaribisha chai, akaendelea kushona.

"Eddah ameniambia si wewe uliyefanya," alisema. "Ameniambia pia umemtaja ndugu yako."

"Nimemtaja."

"Umefanya vyema. Kompyuta mmeitengeneza." Alikata uzi kwa meno. "Mimi jina langu mtalitengeneza vipi?"

Nasreen alikunywa chai yake mpaka ikaisha, cherehani ikilia katikati yao.