Tairi za Siku ya Ukaguzi

Mimi nina mdomo, sikatai. Siku gari langu lilipoanguka ukaguzi niligombana na mkaguzi, nikagombana na mashine yake, na kama mlinzi wa lango asingenifungulia upesi ningegombana naye pia. Leo nikikumbuka naona haya, kwa sababu mashine ilisema kweli na mwongo nilikuwa mimi.

Gari lenyewe ni haibridi ya kuchaji, mtumba kutoka Japani. Linakunywa petroli, na pia unalichomeka kwenye soketi ya ukutani kama simu. Nililinunua kwa ajili ya mama. Figo zake zimechoka, na mara mbili kwa wiki lazima atoke Khwisero aje Kakamega mjini kusafishwa damu. Alikuwa anakuja na kurudi kwa bodaboda. Shida ilikuwa kurudi, maana ukitoka kwenye matibabu yale kichwa kinakuwa chepesi, na siku moja kizunguzungu kilimshika akaanguka pikipiki ikienda. Alivunjika mkono. Nikaapa hatapanda tena. Na kwa kuwa jirani zake wawili wanaotibiwa pamoja naye walikuwa wapande pia na kuchangia mafuta, gari lilihesabiwa kuwa la abiria. Gari la abiria lisilo na stika ya ukaguzi, watu wa bima hawaligusi.

Sasa, huku kwetu kuna desturi ambayo sijasikia ikikemewa hata kanisani. Siku ya ukaguzi gari huvishwa. Unaazima tairi nzuri kwa binamu, mtungi wa kuzima moto kwa jirani, vibao vya pembetatu kwa mwalimu mwenzako, na jioni kila kitu kinarudi kwa mwenyewe. Nami nikalivisha langu. Tairi zangu, kipara tupu, nikazificha nyuma ya tangi la maji. Nikaliosha, nikalichaji mpaka likajaa pomoni, nikaenda kituoni nikijivuna kama mama wa bwana harusi.

Mkaguzi, kijana mpole, aliniambia niwashe injini apime moshi. Nikabonyeza kitufe.

"Washa, mama."

"Limewaka."

"Mbona halingurumi?"

Betri imejaa, injini ingurume ya nini? Tulibaki tunatazamana, yeye ameshika mpira wa kupimia moshi, foleni nyuma yetu wanacheka. Akaliacha hilo, akalipandisha kwenye mashine ya breki. Gurudumu la nyuma la kushoto likashika. La kulia likajizungukia tu, halina habari na mtu. Akaandika kwamba limeanguka, na mimi nikamwambia mashine yake ilikuja na wakoloni.

Jioni binamu alichukua tairi zake. Kesho yake nikalipeleka gari, likiwa na kipara chake, kwa mzee mmoja mwenye gereji ndogo. Mafundi watatu walikuwa wamelikataa tayari, wakisema zile nyaya za rangi ya machungwa zinaua. Mzee huyu alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha sukari hadi kiwanda kikasimama. Alivaa glavu za mpira, akazikagua kidole kwa kidole, akachomoa plagi ya usalama ya ile betri kubwa, kisha akaketi kwenye ndoo akatazama saa yake. Dakika kumi nzima. Nikamuuliza kama amechoka.

"Umeme hauna haraka, mwalimu," akasema. "Ule umebaki ndani uishe kwanza. Ukiuharakisha, unakuharakishanga wewe."

Nilimpenda hapo hapo, nami si mwepesi wa kupenda mafundi.

Alipofungua gurudumu la nyuma alinionyesha diski ya breki imekula kutu, imekuwa rangi ya udongo wa Khwisero. Akanieleza polepole, kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la tano. "Hii gari inapunguzanga mwendo na mota, inarudisha umeme kwa betri. Breki zenyewe zinalalanga. Na wewe unaendesha pole pole, unaziimbia bembelezi. Mara moja moja uzikanyage kabisa, ziamke." Kuhusu moshi, akasema nisiende tena na betri iliyojaa, injini itanguruma yenyewe.

Kisha akachukua karatasi ya ukaguzi, akaisoma, akatazama tairi, akarudi kwenye karatasi.

"Hapa wameandika tairi ni nzuri."

Nikamweleza habari za binamu, bila aibu hata chembe, nikaongeza kwamba nitaziazima tena. Akaweka spana chini.

"Mama yako atapanda karatasi, ama atapanda gari?"

Akasema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na kwamba breki hatazifunga mpaka nilete tairi zangu mwenyewe, nne, mpya. Nilimwita jina ambalo siliandiki hapa. Gari lilikuwa juu ya jeki zake, ningeondoka nalo vipi?

Nilingoja mshahara wiki tatu. Wiki tatu hizo mama alipanda bodaboda, na mimi nikiomba ruhusa shuleni nipande nyuma yake, mshikaki, watu watatu pikipiki moja, nimemkumbatia yeye na ule mkono wenye plasta mpaka Khwisero. Kila tuta nilimlaani mzee yule. Nilimchukia kweli kweli, nikijua wazi kwamba ana haki, na hiyo ndiyo chuki mbaya kuliko zote.

Nilipopeleka tairi nne mpya alifunga breki, na siku ya ukaguzi wa pili mzee alikuja mwenyewe, amevaa shati lililopigwa pasi, akasimama nje ya ua. Injini ilinguruma, moshi ukapimwa. Magurudumu yote yakashika sawia. Mkaguzi, yule yule niliyemtukana, aliirudia mashine mara ya pili, sijui kwa kutoamini au kwa kufurahi, kisha akanipa stika kwa mikono miwili. Nilimwomba msamaha. Mzee alitikisa kichwa kidogo kuafiki, akarudi kazini kwake.

Wiki iliyofuata nilikuwa namrudisha mama nyumbani. Jirani zake tulikuwa tumeshawashusha. Mvua ya saa kumi ilikuwa inamwagika ile yetu ya kila siku, na mama amelala kiti cha nyuma, mdomo wazi. Nilipomaliza kona ya mteremko nikakuta trekta la miwa limekufa katikati ya barabara, halina taa, halina hata tawi la kuonya watu. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili. Gari lilisimama limenyooka, mabua ya miwa yakigusa kioo changu.

Nilimpigia mzee simu hapo hapo, nikamweleza yote kwa mkupuo mmoja, nikalia.

"Gari ilivuta upande?" akauliza.

"Haikuvuta."

"Na mama?"

Nikageuka. "Bado amelala."

"Basi ongea pole pole," akasema, "usimwamshe."