Jiko la Vioo la Jericho

Apondi, karani mstaafu na mjane wa Phares, alikuwa ameutangazia mtaa mzima wa Jericho, sokoni na kanisani, kwamba mwanawe Austine ni msanifu majengo. Basi siku kijana alipoleta mchoro wa nyumba za kuishi pamoja, mama mtu aliketi safu ya mbele ya ukumbi, amejipamba kama mama wa bwana harusi.

Mchoro ulikuwa wa ajabu kweli. Kila familia ingepata vyumba vyake na choo, lakini jiko lingekuwa moja kwa familia ishirini, tena la kuta za vioo, ili majirani wajuane. Watu wa Jericho, wanaojuana hadi rangi za shuka, kumbe walikuwa wakingoja mchoro wa kompyuta uwatambulishe!

"Nilikulia hapa," Austine alisema. "Kila jioni laini nzima ya nyumba zetu ilinukia vitunguu vya Mama. Huo ndio ujirani ninaotaka kuurudisha."

Mutheu, jirani wa mlango wa pili, akaangua kicheko. "Haki Mama Austine, ulitutesa! Sisi na mboga yetu ya sukuma, wewe na nyama kila siku. Sasa tutaiona hiyo sufuria!"

Makofi yakapigwa. Khavere, mwenyekiti wa mkutano, akaomba wanaouunga mkono mchoro wainue mikono, na mikono ikaanza kupanda. Apondi alijua kwamba akinyamaza, sifa yake ingebaki safi, na wajane watakaomfuata wangepikia ndani ya vioo.

Akasimama.

"Haikuwa nyama, Mutheu. Baba Austine alipofariki, nilikuwa nakaanga nusu kitunguu dirishani ili mnuse. Halafu nafunga mlango, nakula ugali na chumvi." Akamgeukia mwanawe. "Wewe ulikuwa mdogo, ukabaki na harufu tu. Mlango ule ndio ulionitunzia heshima, msanifu wangu. Wewe unataka kuung'oa."

Msomi wa vyuo viwili akautazama upya mchoro wake.

"Ai!" Mutheu alisema, sauti imempungua. "Na mimi nilikuwa nikigonga mwiko kwenye sufuria tupu, nisipitwe na wewe."

Ukumbi ukacheka, ila si sana; wengi walikuwa wakitazama viatu vyao. Khavere akakohoa, akauliza upya: ni nani anayetaka kila nyumba iwe na jiko lake, na mlango wa kufunga?

Mkono wa Mutheu ulitangulia. Wa Austine ukafuata.